Kamera ya Dereva Hutazama Kope Kwanza
Baadhi ya madereva wa gari za watalii, wanaotoka Kisauni usiku kwenda Nungwi, Zanzibar, huamini kwamba kamera iliyowekwa mbele ya usukani ni ya tajiri kuwachungulia wanakula nini na wanazungumza na nani. Sivyo hasa. Mitambo mingi ya aina hii humulika uso kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ili kupima kope zimefumba kwa muda gani, hata gizani. Kifaa chenyewe huchambua picha na kumpigia dereva mlio papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusinzia sekunde 3 tu huipeleka gari zaidi ya mita 60. Baadhi ya mitambo hutuma ofisini kipande cha video baada ya tukio, na hapo ndipo swali la faragha lina mashiko: nani anakitazama, na kinahifadhiwa hadi lini?