Usimwambie manusura "mshukuru Mungu umepona"

Mei ikikaribia, watu hunijia wakilalamikia usingizi, kifua kubana, hasira zisizo na sababu. Mimi ni mshauri nasaha hapa Mwanza, na nikisikia mtu kwao ni Kagera huwa naanza kwa kumuuliza kuhusu tarehe 21.

Siku hiyo, mwaka 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Kagera, ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili haitapatikana kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Meli ilielea kwa saa kadhaa chini juu, watu wakiwa hai ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiifanya ielee ikatoka, ikazama nao.

Kwa hiyo msiba huu umejaa "laiti". Laiti wasingetoboa. Laiti ningemzuia asisafiri. Na kuna familia ambazo hazikupata mwili. Zinakwenda kwenye makaburi ya pamoja ya Igoma, hapa Mwanza, bila kujua kama mtu wao yumo. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, ameandika kwa miaka mingi juu ya msiba wa namna hii, ambao matanga yake hayaanuliwi. Kuurudiarudia si udhaifu wa imani.

Sasa, shukrani. Wengi tunamkimbilia manusura na "mshukuru Mungu umepona". Maneno ni mema, lakini mara nyingi yanamfunga mdomo, maana rohoni anajiuliza kwa nini yeye na si mdogo wake. (Wachungaji na mashehe mnisamehe.) Mimi huuliza: nani alikuvuta majini? Nani alikupa nguo kavu? Nani alikaa na mama yako usiku ule? Hapo mtu huanza kutaja watu, mmoja mmoja, na wakati mwingine anataka kwenda kuwaona. Shukrani inayomwendea mtu anayejulikana haimlazimishi mtu aone heri ndani ya maafa.

Kuhusu kusudi la maisha baada ya msiba, huwa sikubali lije haraka. Mtu asiyelala hahitaji kuambiwa aanzishe taasisi. Likija, mara nyingi huwa dogo na la mikono: kuandika majina ya ukoo mzima waliokuwemo, kufundisha watoto kuogelea, kugoma kupanda chombo kilichojaa au kisicho na majaketi okozi. Hilo la mwisho nalipenda zaidi, kwa sababu mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikiwa imezidisha watu, wakafa 228.

Kama unaye manusura nyumbani, muulize mapema anataka tarehe 21 iweje: ibada, Igoma, au kazini kama siku zote. Asipotaka kwenda, msimburute. Mei ikiisha na bado halali wala hali, au anasema afadhali naye angezama, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.