"Dokta, Tuandikie Rufaa ya India": Yanayosemwa Kuhusu Usingizi wa Kleine-Levin

Nimeisikia tena. Mama amekaa mbele yangu, pembeni kijana wake wa kidato cha tatu anachezea simu, macho makavu. Wiki mbili nyuma alikuwa akilala saa 18 kwa siku, akiamka anakula mkate mzima na kuuliza kama yuko ndotoni. "Dokta, kiwanja cha Chanika tumeshakipatia mteja. Tuandikie rufaa tu ya India. Huko wanashirikiana na wazungu, dawa wanayo."

Hawana, mama.

Wengi wakisikia "ushirikiano wa kimataifa" wanafikiria tiketi ya ndege. Kwa sindromu ya Kleine-Levin, ugonjwa adimu wa vipindi vya usingizi mzito vinavyokuja na kuondoka kama vya kijana huyu, kinachosafiri ni taarifa. Inakadiriwa kumpata mtu 1 hadi 5 katika kila watu milioni, kwa hiyo hakuna hospitali inayoweza kupata wagonjwa wa kutosha peke yake. Willi Kleine aliandika habari zake Ujerumani mwaka 1925, Max Levin akafuata Marekani mwaka 1936, na kwa miongo mingi kila daktari alibaki na mgonjwa wake mmoja au wawili, anakisia. Mambo yalianza kusogea pale vituo kama cha Stanford, Marekani, na cha Paris vilipochanganya mafaili na sampuli na wenzao wa nchi nyingine. Mwaka 2021 wakachapisha utafiti wa wagonjwa 673: ugonjwa unahusiana na tofauti fulani kwenye eneo la jeni ya TRANK1, na pia na matatizo wakati wa kuzaliwa. Ni mwanga mzuri. Tiba ya kuung'oa bado, hata Paris kwenyewe.

Kinachotumika kuzuia vipindi vya mara kwa mara ni lithiamu, dawa ya miaka mingi iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Kazi kubwa ni kupima kiwango chake kwenye damu, figo na tezi ya shingo. Kwa hilo unauza kiwanja?

Halafu piga hesabu. Kipindi kimoja huchukua siku kadhaa hadi wiki chache, mara nyingi kama siku 10. Mpaka pasipoti, viza na michango ya ukoo vikamilike, kijana ameshaamka. Utamfikisha Chennai mzima wa afya, apigwe MRI, picha ya ubongo, isiyoonyesha kitu, mrudi na faili nene.

Nunueni daftari. Andikeni tarehe, saa alizolala, alichokula, maneno aliyotamka, na kama kulikuwa na mafua kabla, maana mara nyingi huanza hivyo. Mrekodini kwa simu. Video ya dakika mbili ya siku ya tatu ya kipindi naweza, kwa ridhaa yenu, kumtumia mwenzangu wa nje anayewaona wagonjwa hawa kila mwezi. MRI ya siku ya 20, ameshaamka, itatusaidia nini?

Na mengine ninayoambiwa na familia: "Malaria imepanda kichwani." Pimeni, na homa ya uti wa mgongo pia, ni lazima. Lakini vipimo vikirudi safi kwa mara ya tatu, acheni kumchoma sindano za malaria.

"Ni malale." Malale huletwa na mbung'o, na mgonjwa asiyetibiwa huzidiwa. Haamki siku ya 11 akaenda kucheza mpira.

"Mkichukua mate yetu kupima jeni mtayauza Ulaya." Sampuli haivuki mpaka bila kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba wa kuihamisha, ombeni muuone. Anayeuliza namheshimu. Nisiyemwelewa ni anayekataa, kisha anaweka picha ya mtoto amelala hoi kwenye status.

"Ataishi hivi maisha yote." Kwa wengi vipindi hupungua na hatimaye huisha, ingawa inaweza kuchukua zaidi ya miaka 10.

Na wewe kijana unayejifanya husikii: pombe na kukesha ni vichochezi vinavyojulikana. Mechi za Ulaya za saa tano usiku, utaangalia marudio.