Leza ya presha ya macho: kudhibiti, si kuponya

Kwenye mabenchi ya kliniki za macho hapa Dodoma kuna sentensi moja inayorudiwa mno: "Mzee alipigwa leza, presha ya macho imepona." Ina hatari, na hatari yenyewe imo katika kitenzi.

Leza inayozungumzwa hapa ni ya glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, aina ya pembe iliyo wazi: yaani pembe ya jicho inakotokea maji haijafungwa. Jicho hutiwa matone ya ganzi, huwekewa lenzi maalumu, kisha daktari hupiga mapigo mafupi ya mwanga wa kijani, kama 100, kuzunguka chujio linalopitisha maji ya ndani ya jicho. Maji yakitoka vizuri, presha inashuka. Basi.

Sasa neno. *Kupona* ni neno la Kibantu, na tunalitumia kwa mambo mawili: maradhi yamekwisha mwilini, au mtu amenusurika, kama aliyepona ajali ya basi. Maana ya kwanza haiingii kabisa kwenye glakoma. Nyuzi za mshipa wa fahamu wa jicho zikifa hazioti tena, na uoni wa pembeni uliopotea haurudi hata presha ikishuka vizuri. Maana ya pili inakaribia, maana jicho limenusurika, ila kwa muda. *Kutibu* linatokana na Kiarabu, mzizi mmoja na tabibu, nalo halitoi ahadi ya mwisho: mtu hutibiwa leo, akatibiwa na mwakani. *Kudhibiti*, la Kiarabu pia, ni kukishika kitu kisiponyoke. Hilo ndilo neno la leza, kwa sababu mkono ukilegea, presha inapanda tena.

Na mkono hulegea. Katika utafiti wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa miaka 6, macho kama 7 kati ya 10 yaliyoanza na leza yalikuwa bado hayahitaji matone ya kushusha presha wala upasuaji, na baadhi yalirudiwa leza njiani. Hapa kwetu, hospitali ya KCMC, Moshi, ililinganisha leza na matone ya timolol kwa mwaka mmoja: leza ilifanikiwa kwa asilimia 61, matone asilimia 31. Leza ilishinda waziwazi. Lakini asilimia 39 waliobaki, baada ya mwaka mmoja tu, hawakuwa wamefikia presha iliyolengwa, na presha ya jicho ikipanda polepole haiumi. Aliyeambiwa "umepona" hana sababu ya kupanda basi kutoka Kondoa au Mpwapwa kuja kupimwa. Wengine huacha matone siku ileile, wakati leza huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake na anayeamua matone yakome ni daktari baada ya kupima.

Kwa hiyo jirani akirudi kliniki, badala ya "afadhali umepona", muulize kwa upole: "Presha imesoma ngapi, na umeandikiwa kurudi lini?"