Programu ni ile ile, kompyuta si ile ile

Wiki haipiti bila mtu kuniandikia: "Programu yenu haihifadhi." Basi, kamaliza. Namuuliza: unatumia Windows, Mac au Linux? Toleo la ngapi? Uliipakua wapi? Jibu linalorudi nimeshalizoea: "Kwani si programu ni ile ile?" Wengine huongeza, kwa hasira kidogo, kwamba tovuti yetu wenyewe inajisifu programu inafanya kazi kwenye mifumo yote, sasa maswali ya nini.

Kazi yangu ni kupokea na kuchambua ripoti za hitilafu za programu huria inayotumika kwenye mifumo hiyo mitatu. Ni kazi ya kujitolea, naifanya usiku baada ya ile ya mshahara. Kati ya dhana potofu zote ninazokutana nazo, hii ndiyo inayonilia muda kuliko zote zikijumlishwa, kwa hiyo naanza nayo na sitaiharakisha.

"Programu ni ile ile kila mahali, haijalishi natumia nini"

Msimbo wa chanzo, yaani maandishi ambayo programu inajengwa kutokana nayo, ni mmoja, kweli. Lakini programu haihifadhi faili yenyewe. Inauomba mfumo endeshi (Windows, Mac au Linux) uhifadhi, na kila mfumo una masharti yake.

Chukua jina la faili tu. Kwenye Linux, Nembo.PNG na nembo.png ni mafaili mawili tofauti. Windows na Mac, kwa mpangilio wa kawaida, huyahesabu kuwa moja. Mtu wa Windows anatengeneza kiolezo cha barua ya ofisi. Ndani ya kiolezo ameandika nembo.png, kwenye folda kuna Nembo.PNG, na kwake kila kitu kinaonekana vizuri. Anamtumia mwenzake wa Linux, nembo haionekani. Ripoti inayonifikia inasema "Linux inapoteza picha". Picha ipo palepale. Kuna kinyume chake pia: mtu wa Linux anahifadhi faili kwa jina "Kikao 10:30", analipeleka kwenye kompyuta ya Windows, linakataliwa kwa sababu Windows hairuhusu nukta mbili kwenye jina la faili. Na ukitaka kucheka, jaribu kuunda folda iitwayo AUX au CON kwenye Windows. Majina hayo yametengewa vifaa tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows.

Sasa turudi kwenye ile "haihifadhi". Programu inayojali data yako haiandiki moja kwa moja juu ya faili la zamani. Huandika nakala mpya pembeni kwa jina la muda, ikishakamilika ndipo huibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya zamani, ili umeme ukikatika katikati usipoteze vyote viwili. Kwenye Linux na Mac, hatua hiyo ya kubadilisha jina hufaulu hata kama programu nyingine imelifungua faili lile. Kwenye Windows, antivairasi ikiwa ndiyo kwanza imelishika faili jipya ili ilikague, au huduma ya wingu ikiwa inalipakia, mfumo unaweza kukataa. Matokeo yake, "haihifadhi" ya Windows hutokea mara mojamoja, kwenye kompyuta moja ya ofisi na si ya jirani yake, na ukimwita fundi haitokei. "Haihifadhi" ya Linux mara nyingi ni folda ambayo huna ruhusa nayo, na hutokea kila ukijaribu. Malalamiko yanafanana neno kwa neno, lakini pa kuanza kutafuta hapafanani hata kidogo. Usiponiambia mfumo, nitaanzia upande usio sahihi nusu ya siku zote.

Hata kutaja mfumo hakutoshi. Mtumiaji wa Nairobi anaandika 3.14. Mtumiaji wa Lubumbashi, ambaye kompyuta yake iko kwa Kifaransa, anaandika 3,14. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, ikisoma namba kwa strtod (amri ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba), hufuata mipangilio ya lugha iliyowashwa. Ikiwa ni ya Kifaransa, ikikuta 3.14 inachukua 3 na kuishia kwenye nukta, bila onyo lolote. Mchoro uliohifadhiwa Nairobi unafunguka Lubumbashi ukiwa umepinda, na wote wawili wana Windows ile ile na toleo lile lile la programu. Hitilafu za namna hii mimi huzipenda, nakiri, kwa sababu zikishajulikana hurekebishwa kwa mistari michache. Kinachochukua wiki ni kujua kwamba kompyuta ya mtu iko kwa Kifaransa.

Na ukisema "Linux" hujamaliza. Linux gani, na programu uliitoa wapi? Mtu analalamika kwamba programu haioni flashi yake. Kidhibiti mafaili kinaiona, programu haiioni. Mara nyingi nakuta ameweka kwa Flatpak, njia moja ya kusakinisha programu kwenye Linux, ambayo huizungushia programu uzio: huenda imeruhusiwa kuona folda yake ya nyumbani tu, na flashi hufungukia nje ya hapo, kwenye /media au /run/media. Programu ile ile ikitoka kwenye hazina ya Debian (moja ya aina za Linux) haina uzio huo. Watu wa Mac nao wana lao: wanapakua programu, Mac inawaambia imeharibika na waitupe, wanarudia kupakua mpaka bando linakwisha. Faili halijaharibika. Mac ndivyo inavyosema mara nyingine inapokuta programu iliyotoka kwenye intaneti ambayo sahihi yake ya kidijitali haiikubali.

Halafu kuna saa. Mtu wa Dar ananiambia programu iliganda saa tatu asubuhi. Saa ya kompyuta yake ilionyesha 9:00. Faili la logi (kumbukumbu ya matukio ya programu) alilonitumia linahesabu kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu, kwa hiyo tukio lenyewe limeandikwa 06:00. Mimi ni Mswahili, hesabu hiyo naifanya bila kuwaza. Mwenzangu wa Ujerumani anayefungua ripoti hiyo hiyo atatafuta 03:00, hataona kitu, na ataandika kwamba logi haionyeshi tatizo. Andika saa kama kompyuta inavyoionyesha, na utaje uko nchi gani.

Haya yote yanamalizika kwa dakika moja. Fungua menyu ya Msaada, kisha Kuhusu. Kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi, kwa mfano, dirisha hilo lina kitufe cha kunakili maelezo ya toleo, nayo yanakuja na namba ya toleo, mfumo endeshi, mipangilio ya lugha na jinsi programu inavyochora skrini. Bandika yote. Usichague unachodhani nitakihitaji, maana mstari unaoacha ndio huwa na jibu.

"Nina toleo jipya kabisa"

Jipya kwa nani? Debian ya stable, yaani toleo lake tulivu, hufungia matoleo ya programu kwa makusudi, na baada ya hapo huletewa marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa tu. Ukibofya "sasisha", unapata lililo jipya katika hazina hiyo, ambalo kwetu sisi huenda ni la miaka miwili iliyopita. Mwaka 2016 Jamie Zawinski, mtunzi wa XScreenSaver (programu ya kufunga skrini na kuipamba kompyuta ikiwa imeachwa), alichoka kupokea ripoti za hitilafu alizokwisha kuzirekebisha zamani. Alikuwa ameweka ndani ya programu onyo linalomwambia mtumiaji kwamba toleo lake limepitwa na wakati. Debian walipolilalamikia onyo hilo, aliwaambia ni afadhali waiondoe programu yake kabisa. Ubishi ulikuwa mkubwa. Watu wa Debian wana sababu zao nami naziheshimu. Ombi langu mimi ni dogo: niandikie namba.

"Nimeifuta nikaiweka upya, bado tatizo lipo"

Ukifuta programu, mipangilio yako kwa kawaida haifutiki. Inabaki ndani ya AppData kwenye Windows, .config kwenye Linux, na Library/Application Support kwenye Mac. Ukiweka upya, programu inaokota mipangilio ile ile iliyoharibika. Badilisha jina la folda hiyo, usiifute, kisha ufungue tena. LibreOffice tangu toleo 5.3 la mwaka 2017 ina hali salama inayokufanyia hivyo hivyo kwa muda. Tatizo likiondoka, nitumie folda ya zamani. Hapo umeniletea kitu.

"Chanzo kiko wazi, wengine wameshaiona"

Heartbleed, tundu kubwa la usalama, iliingia kwenye OpenSSL (msimbo huria unaolinda mawasiliano ya tovuti) toleo 1.0.1, lililotoka Machi 2012. Ilitangazwa Aprili 2014. Msimbo ulikuwa wazi muda wote huo, na nusu ya dunia ikiutumia. Kila mtu alidhani kuna mwingine anayeangalia.

Linganisha na Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima utendaji kwenye Debian sid, tawi lake lisilo imara, akaona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kumekuwa kuzito kidogo. Nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alipima, akapata sekunde 0.299 kabla na 0.807 baada, akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya xz (zana ya kubana mafaili), matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ripoti yake ya tarehe 29 ilieleza pia masharti ya mlango huo kupachikwa: Linux ya x86-64 (prosesa za kawaida za Intel na AMD), na pale tu xz inapojengwa kuwa kifurushi cha Debian au cha RPM (aina ya vifurushi vya Fedora na wenzake). Aliyejijengea xz mwenyewe kwa mkono hakuwa nao. Sasa niulize tena kwa nini nataka kujua programu umeitoa wapi.

(Ukigundua tundu la usalama, usiliweke hadharani. Miradi mingi ina anwani ya faragha kwa ajili hiyo. Itumie.)

"Mimi si mtaalamu, na Kiingereza changu si kizuri"

Sihitaji utaalamu wako. Nahitaji ulichobofya, kwa mpangilio, kilichotokea, na ulichotarajia kitokee. "Nimefungua faili hili, nimebofya Chapisha, nimechagua A5, dirisha limejifunga" ni ripoti bora kuliko kurasa mbili za nadharia kuhusu kumbukumbu ya kompyuta. Ujumbe wa kosa unakili kama ulivyo, usiutafsiri na usiufupishe. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeinama na mwanga wa dirisha juu yake, haitafutiki kwenye mfumo wetu. Maandishi yanatafutika.

Na tafadhali usimpe ChatGPT akuandikie ili ripoti ionekane ya kitaalamu. Daniel Stenberg, mtunzi wa curl (zana huria ya kuhamisha data mtandaoni), amelalamika hadharani kwa miaka kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa hivyo, zenye lugha safi na hitilafu ambazo hazipo. Mimi hupata za daraja la chini zaidi, lakini uchovu ni ule ule. Kiswahili chako, au Kiingereza chako cha kuunga-unga, kina ukweli wa ulichokiona.

"Wamefunga ripoti yangu, wamenidharau"

Ikifungwa kama nakala, maana yake imeunganishwa na nyingine inayoshughulikiwa, na maelezo yako yanasomwa pale. Ikifungwa kwa kukosa maelezo, uliulizwa swali ukanyamaza. Ijibu, itafunguliwa. "Kwangu inafanya kazi" nayo maana yake tumejaribu na hatukuiona. Hapa lakini niwaseme na wenzangu: mwendelezaji anayeandika sentensi hiyo bila kutaja alijaribu kwenye mfumo gani na toleo gani anafanya kosa lile lile analomlaumu mtumiaji. Na wale wa kuongeza "mimi pia" arobaini chini ya ripoti moja: kila moja inatuma barua pepe kwa kila aliyejiandikisha. "Mimi pia, kwenye Windows 11, toleo 24.2, kompyuta kwa Kiswahili" ni kitu kingine kabisa, hiyo leta.

"Zamani ilikuwa inafanya kazi"

Hii si dhana potofu. Kosa ni kudhani kwamba ni manung'uniko tu, kwa hiyo watu huisema kwa kupita, mwishoni, bila namba. Kwangu ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote. Ukiniambia 7.5 ilikuwa sawa na 7.6 imeharibika, nachukua mabadiliko yote yaliyo katikati, naigawa orodha nusu kwa nusu kwa git bisect (amri inayonisaidia kutafuta badiliko lililoharibu), najaribu, naigawa tena. Mabadiliko elfu moja yanahitaji majaribio kama kumi kumpata mhalifu, na sihitaji hata kuelewa msimbo wote. Nachohitaji ni namba mbili: ya mwisho iliyofanya kazi na ya kwanza iliyokataa. Kwa hiyo unapotaka kusasisha, fungua kwanza dirisha la Kuhusu uandike namba iliyopo, na kile kisakinishi cha zamani kwenye folda ya Downloads usikifute mpaka utumie toleo jipya siku kadhaa.