Si kipepeo, ni nondo: kumtambua Chrysiridia croesus

Picha hutufikia na swali lilelile: huyu ni kipepeo gani? Mdudu ni mweusi, mabawa yake ya mbele yamepigwa mistari ya kijani kinachometameta, ya nyuma yana rangi ya shaba na dhahabu, na amepigwa picha saa nne asubuhi, jua likiwaka, akinyonya maua. Tukijibu kwamba ni nondo, wapo wanaodhani tumefungua picha ya mtu mwingine.

Ni Chrysiridia croesus, nondo wa pwani ya Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Msumbiji hadi Zimbabwe. Mjerumani Gerstaecker ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1871. Croesus alikuwa mfalme wa Lydia ya kale, iliyokuwa katika Uturuki ya leo, tajiri wa dhahabu wa kupigiwa mfano, na ukimtazama nondo huyu juani huna haja ya kuuliza kwa nini akapewa jina hilo.

Anayekosea kumwita kipepeo hayuko peke yake. Mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury alimwelezea ndugu yake wa Madagaska, Chrysiridia rhipheus, akamweka katika jenasi (kundi la spishi za karibu) Papilio, yaani miongoni mwa vipepeo. Tena alikuwa ameambiwa kwamba mdudu ametoka China au Bengal! Miaka 50 ilipita kabla mtaalamu wa wadudu Jacob Hübner hajamhamishia kwenye jenasi Chrysiridia.

Rangi, basi, si ushahidi, wala saa ya kuruka. Anza na vipapasio, zile pembe mbili nyembamba za kichwani. Vya kipepeo wa kawaida huishia na kirungu kidogo nchani. Vya huyu ni vyembamba kama uzi, havina kirungu. Lakini alama inayoitambulisha familia yake, Uraniidae, haionekani kwa picha: ni masikio. Yako tumboni, na ya jike hayakai mahali pamoja na ya dume. La jike liko upande wa chini, mwanzoni kabisa mwa tumbo. La dume liko ubavuni, nyuma kidogo, kati ya pingili ya pili na ya tatu. Tofauti hiyo ya jinsia ni ya ajabu hata kwa sisi tunaoshinda na wadudu, na ndiyo inayotupa uhakika kwamba spishi za familia hii ni za ukoo mmoja.

Sasa hizo rangi. Ukivuta droo ya vielelezo, yaani wadudu waliokaushwa na kuhifadhiwa, ukainamisha kichwa kidogo, utepe uliokuwa kijani unaelekea buluu. Rangi iliyopakwa haifanyi hivyo. Uchunguzi wa yule wa Madagaska ulionyesha kwamba kila gamba dogo linalofunika bawa limejengwa kwa tabaka nyembamba sana za kaitini (kitu kigumu kinachojenga ngozi ya nje ya wadudu) zilizotenganishwa na hewa, na mwanga unaorudi kutoka tabaka hizo ndio unaozaa kijani na buluu. Magamba yenyewe yamepinda, hivyo mwanga mwingine huruka kutoka gamba moja hadi la jirani kabla ya kumfikia mtazamaji, na hapo rangi huchanganyika. Weusi peke yake ndio rangi halisi iliyomo ndani ya gamba.

Ndugu wengine wa karibu wako mbali: jenasi Urania katika Amerika ya tropiki, na Alcides huko New Guinea na Australia. Viwavi vya kundi hili hula mimea ya jenasi Omphalea, iliyo familia moja na muhogo na mbarika. Mimea hiyo ina sumu, kiwavi huihifadhi mwilini, na mabawa yanayong'aa mchana kweupe ni onyo kwa ndege. Kutegemea mimea ya aina chache kuna hatari yake. Urania sloanus wa Jamaika hajaonekana tangu miaka ya 1890, na kukatwa kwa misitu kunatajwa miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo ukimpiga picha, usiridhike na mabawa. Sogea ubavuni vipapasio vionekane hadi nchani, kisha piga picha ya majani ya mti ulio karibu pia. Kama yana viwavi, tutaomba picha ya majani hayo kwanza.