Nyumba ya mchungaji haikujengwa ili mawe yaonekane

Kila anayenunua nyumba ya zamani ya mchungaji katika vijiji vya Uskoti huniuliza swali lilelile: "Tutabandua lini hii lipu, mawe ya asili yaonekane?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Kuta zile ni za mawe ya kuokota, yamepangwa pande mbili na katikati pakajazwa vipande na chokaa. Waliojenga hawakukusudia mtu ayaone. Tazama mawe ya kuchongwa yanayozunguka madirisha: mara nyingi yamechomoza kuliko ukuta wenyewe. Yaliachwa hivyo ili lipu ya chokaa na kokoto, iliyorushwa kwa mwiko, iishie sawa na ukingo wake. Ibandue, na mvua ya upepo itaingia moja kwa moja kwenye viungo vya mawe.

Anayenipandisha presha zaidi ni yule anayekubali lipu, ila anataka ya saruji "kwa kuwa ni imara". Uimara huo ndio ubaya wake! Ukuta wa mawe na chokaa hucheza kidogo. Saruji haichezi, inapasuka nyufa nyembamba, maji yanapenya na kunaswa nyuma yake. Chokaa ingeyaacha yakauke. Nje huoni kitu. Ndani rangi inavimba na kubanduka, na ukichoma linta ya mbao juu ya dirisha kwa bisibisi, inazama bila kulazimishwa. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji somo hili. Kwao pia saruji imeziumiza nyumba za chokaa. Na kabla ya kugusa chochote uliza kibali halmashauri: nyingi ya nyumba hizi zimesajiliwa kama urithi, na kuzibadilisha bila ruhusa ni kosa la jinai.

Mengine kwa kifupi. Dirisha lililozibwa si lazima lilizibwa ili kukwepa kodi ya madirisha, iliyofutwa 1851. Mengi yalijengwa hivyohivyo ili uso wa nyumba ulingane, na nyuma yake hupita dohani. Wala nyumba haikuwa mali ya mchungaji: wenye ardhi wa parokia ndio waliobanwa na sheria kuijenga na kuikarabati, na wengi walibana matumizi.

Halafu kuna Thomas Telford, mhandisi Mskoti wa barabara na madaraja. Miaka ya 1820 serikali iligharamia makanisa na nyumba za wachungaji Nyanda za Juu za Uskoti na visiwani, kwa kikomo cha pauni 1,500 kwa kanisa na nyumba yake. Kisiwa cha Iona kilipata kanisa na nyumba yake 1828. Si kwamba Telford alichora kila kitu. Alisimamia mradi, na mchoro wa makanisa ulitoka kwa William Thomson, mmoja wa wapimaji wake.