Vepu Ikipata Moto Kupita Kiasi: Maswali na Majibu

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi huiita vepu, ni kifaa cha kuchemsha majimaji kwa umeme wa betri. Kwa hiyo joto ndani yake si hitilafu, ndiyo kazi yenyewe. Shida huanza joto linapozidi, nalo huweza kuzidi mahali pawili tofauti: kwenye koili au kwenye betri. Joto la betri mkono unalisikia. La koili huishia kifuani, na mara nyingi mkono hauna habari.

Vepu yangu inapata moto nikivuta mfululizo. Ni kawaida?

Uvuguvugu ni kawaida. Ikifika mahali huwezi kuishika vizuri, au ikipata moto na huku imekaa tu mezani, hiyo ni hatari. Acha kuitumia mara moja.

Koili ni waya mwembamba unaopashwa joto na umeme. Umezungukwa na pamba iliyolowa majimaji, yaani propilini glikoli, gliserini, ladha na kwa kawaida nikotini. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini kwenye 290. Majimaji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, na hivyo ndivyo koili inavyopozwa. Ukivuta bila kupumzika, pamba haiwahi kufyonza majimaji mengine, na joto lililokosa pa kwenda husambaa hadi kwenye mwili wa kifaa.

Mbona wakati mwingine inatoa ladha ya kuungua?

Kwa sababu pamba imekauka. Aliyewahi kupikia jiko la mafuta ya taa anajua: mafuta yakiisha, utambi huanza kuungua wenyewe. Hapa moshi wake unauvuta.

Majimaji yakipashwa joto kupita kiasi huvunjikavunjika na kutoa kemikali kama fomaldehaidi, ambayo husababisha saratani, na akrolini, ambayo huwasha koo na kuumiza mapafu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walipima mvuke wa kifaa kimoja. Kwa voti 3.3 hawakukuta kemikali zinazozaa fomaldehaidi. Kwa voti 5, joto likiwa kubwa zaidi, walizikuta. Wakosoaji walisema kwamba katika joto lile mtu angesikia ladha mbaya akaacha. Hoja hiyo ina uzito, ila inamhesabia kila mvutaji kuwa na pesa ya koili mpya mfukoni. Wapo wanaokohoa, wanasubiri kidogo, wanaendelea.

Rafiki ananishauri nifunge koili ya omu ndogo ili nipate moshi mwingi. Ina ubaya gani?

Omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme; ikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi hupita. Piga hesabu. Betri moja ya lithiamu iliyojaa ina voti 4.2. Ukiifunga na koili ya omu 1, inatoa kama wati 17.6. Ukiweka ya omu 0.2, zinakuwa wati 88, na umeme unaotoka kwenye betri unafika ampea 21. Betri nyingi za duara za aina ya 18650 hazikutengenezwa kubeba mzigo huo, hasa zile zilizofunguliwa kutoka laptop kuukuu, zikavalishwa plastiki mpya na kuuzwa kama mpya. Hatari ni kubwa zaidi kwa vifaa visivyo na saketi ya ulinzi, kwa kuwa hakuna kinachokata umeme mambo yakiharibika. Kama hujui betri yako inahimili ampea ngapi, usiguse koili za namna hiyo.

Inaweza kulipuka kweli?

Inaweza, ingawa si jambo la kila siku. Mamlaka ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilikusanya matukio 195 ya moto na milipuko yaliyoripotiwa nchini humo kati ya 2009 na 2016. Katika 61, kifaa au betri ya akiba ilikuwa mfukoni. Katika 60 kilikuwa kikitumika. Katika 48 kilikuwa kwenye chaji. Baadaye watu wawili walifariki baada ya vepu kulipuka, mmoja Florida mwaka 2018, mwingine Texas mwaka 2019.

Ndani ya betri kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili, chanya na hasi. Ukitoboka au ukiyeyuka, pande hizo hugusana, joto huzaa joto jingine, na gesi hujaa ndani hadi itafute pa kutokea. Kwa kuwa vepu nyingi ni bomba jembamba, kipande kimoja kinaweza kufyatuka kwa nguvu, na mara nyingi huelekea usoni mwa mvutaji.

Nifanyeje isipate moto sana?

Pumzisha nusu dakika au zaidi kati ya mvuto mmoja na mwingine, na mvuto wenyewe usiwe mrefu. Ukifunga koili mpya, lowesha pamba na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuvuta. Usiache tangi likauke. Kama kifaa kinakuruhusu kupanga wati, anzia chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye koili.

Mazingira nayo yana mchango mkubwa. Betri hizi hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na gari lililofungwa vioo juani, Mombasa au Muscat, hupita hapo bila shida. Usiiache kwenye dashibodi, na ikitoka juani iache ipoe kwanza. Ichaji juu ya sakafu ya saruji au vigae, si kitandani, wala usiku umelala. Tumia chaja ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa.

Halafu kuna mfuko. Kitufe kikibanwa na suruali ya kubana, koili inawaka bila wewe kujua, kwa hiyo izime kabisa. Betri ya akiba ndiyo mbaya zaidi. Mwili wake wote wa chuma ni upande hasi, na kinachoutenga na upande chanya pale kichwani ni plastiki nyembamba tu. Sarafu au funguo zikiunganisha pande hizo, inaunguza paja ndani ya sekunde chache. Ibebe kwenye kikasha chake, na ikichanika plastiki usiitumie. Kwenye ndege, vepu husafiri na abiria, si ndani ya sanduku la mizigo.

Niiweke kwenye friji?

Hapana. Unyevu unaweza kujikusanya ndani yake na kuleta shoti. Iache mahali penye hewa.

Ikianza kutoa moshi, au ikimuunguza mtu?

Ukisikia inazomea, au ukiiona imevimba, usiishike kuikagua. Isukume kwenye mchanga au saruji, ondokeni, msivute moshi wake. Moto ukishika, maji mengi kutoka mbali yanafaa.

Aliyeungua mwagilieni maji safi yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20, mkivua nguo na pete zisizogandamana na ngozi. Msipake dawa ya meno, yai wala asali. Kisha hospitali, na mseme wazi kwamba ni betri. Hospitali ya Harborview, Seattle, ilipokea majeruhi 15 wa vepu kati ya Oktoba 2015 na Juni 2016, na thuluthi yao walikuwa na majeraha ya kemikali, ambayo hutibiwa tofauti na ya moto peke yake.

Nikiipoza, mapafu yangu yatakuwa salama?

Yatapata kemikali chache zaidi za kuungua. Nikotini inabaki palepale, na uraibu wake pia. Kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua na kwa mjamzito, hakuna joto linaloifanya iwafae. Uganda ilipiga marufuku vifaa hivi katika sheria yake ya tumbaku ya 2015. Kama unataka kuacha, muulize daktari au mfamasia kuhusu plasta na jojo za nikotini.

Ikiisha niitupe wapi?

Si kwenye shimo la taka linalochomwa jioni, kwa sababu betri iliyokufa nayo hulipuka motoni, na aliyesimama karibu na kijiti cha kuchochea mara nyingi ni mtoto. Iweke kando kwenye chombo kisicho cha chuma, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki, mfano WEEE Centre jijini Nairobi, au umuulize fundi simu wa mtaani kwako anakopeleka betri zake.